Wakuu, hivi hili gemu la Castlevania la GBA (Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya zamani ya Nintendo) lina nini hasa mpaka mnalisifia hivi?

Dogo_Mbagala ameandika:

Habari za jioni wadau. Naombeni mnieleweshe bila kunicheka. Binamu yangu alikuja likizo, wakati anaondoka akaniachia kile kidude cha kichina cha kuchezea magemu ya zamani, akaniambia achana na mengine yote humo ndani, anza na Castlevania Aria of Sorrow, ukimaliza utanishukuru. Sasa mi ni mtu wa mpira na Free Fire, sijawahi kucheza gemu la kutembea kulia kushoto tangu enzi zile za kuingiza kaseti kwenye mashine ya kuchomeka kwenye TV.

Nimelicheza kidogo. Kijana mwenye nywele nyeupe na koti refu, kisu mkononi, anapita kwenye makorido anapiga mifupa. Skrini ndogo, kijamaa chenyewe kidogo, hakuna mtu wa kucheza naye online, hakuna anayekuelekeza uende wapi. Nafika sehemu nagonga ukuta, narudi nyuma, naenda upande mwingine nako kuna shimo siwezi kulivuka. Halafu nikiingia mitandaoni nakuta watu wazima na familia zao wanaliongelea kwa machozi kabisa, eti ni kati ya magemu bora ya mkononi kuwahi kutengenezwa. Ni utamu wa kweli au ni watu wanakumbuka utoto wao tu?

---

MzeeWaKatriji ameandika:

Dogo karibu sana. Swali zuri ila umeliuliza ukiwa bado uko mlangoni, hujapewa hata chai.

Kwanza ujue unacheza nini maana naona umeruka maongezi yote (vijana bwana). Mwaka ni 2035. Huyo kijana anaitwa Soma Cruz, ni mwanafunzi aliyekwenda kusoma Japani, kaenda na rafiki yake Mina kwenye hekalu la kina Mina kuangalia jua linavyopatwa, kufumba na kufumbua wako ndani ya ngome ya Dracula, na ngome yenyewe imefungiwa humo humo ndani ya kupatwa kwa jua. Dracula mwenyewe kwenye hii stori alishamalizwa mwaka 1999. Sasa swali la gemu zima ni, kama mwenye nyumba hayupo, nani anairithi? Siendelei, ila kila mtu utakayemkuta humo ndani msikilize anachosema. Na uhondo mwingine ambao wengi hawaujui, Septemba 2 mwaka 2035 jua litapatwa kikamilifu kweli na njia yake inapita Japani. Waliotunga stori walichungulia kalenda ya mbinguni.

Sasa utamu. Magemu mengi ya kupiga na kupita, adui ni kikwazo, ukishampiga basi. Hapa adui ni duka. Kila aina ya jini au mfupa unayemuona humo ana roho yake, ukimpiga kuna uwezekano mdogo ile roho itatoka, utaona kimpira cha mwanga kinaruka kutoka kwenye maiti kinamwingia Soma kifuani. Ukishaipata, uwezo wa yule adui ni wako. Roho nyekundu ni za kurusha vitu, unabonyeza juu pamoja na B. Za bluu unashikilia R zinafanya kazi muda wote umeshikilia ila zinakula nguvu zako. Za njano unavaa tu zinakusaidia kimya kimya. Halafu kuna za kijivu, hizo ndo za kukufungulia njia, kama kuruka mara mbili hewani au kuserereka chini ya ukuta mfupi.

Nikupe mfano mmoja uone walivyokuwa na akili za kichizi. Kuna mfupa mmoja kavaa kama weita, kashika sahani. Ukimkaribia anakurushia mchuzi wa kari, wa moto. Unampiga, unampiga tena, unatoka chumbani unaingia anakuwa karudi, unampiga, siku moja roho yake inatoka, kuanzia hapo wewe Soma Cruz mrithi wa mambo makubwa ya giza unatembea kwenye ngome ya kishetani unawarushia mapepo sahani za mchuzi. Kuna na kamchawi mwanafunzi kanapaa na ufagio, roho yake inakupa paka. Sasa niambie, nani ataacha kupiga kila kitu anachokiona humo ndani kwa kutaka kujua tu kitampa nini?

Na lile shimo usiloweza kuvuka ni ahadi, usilichukie. Weka akilini liko wapi.

---

Shosti_Tanga ameandika:

Mzee kaongea vizuri ila mi naongezea upande wa sisi wenye shughuli zetu.

Mi nafanya kazi ya zamu, usiku mwingine hakuna kitu unakaa tu, usiku mwingine hata kukaa hukai. Gemu la kunishika masaa matatu ndo nione raha siwezi. Hili dogo, dakika kumi zinatosha kabisa. Unawasha, unasema leo naenda kutafuta roho ya yule ndege tu, unazunguka vyumba viwili vitatu, unapanda levo moja, unafungua kipande cha ramani, unakimbilia chumba cha kusevu, unazima. Umeondoka na kitu. Kesho ukiwasha unakumbuka ulikuwa wapi kwa sababu ukifungua ramani, vyumba ulivyopita vimepakwa rangi, ambavyo hujaingia unaviona mlango upo wazi upande mmoja umekatika. Ile ramani mwanangu inanisumbua kuliko meseji za watu, siwezi kuona kamlango kamekatika nikalala.

Na mazingira ni tofauti tofauti, sio mifupa tu. Kuna maktaba, kuna kanisa, kuna ukumbi wa dansi, kuna bustani inayoelea juu, mnara wa saa wenye magia yanazunguka (huo mnara nauchukia kutoka moyoni, vile vichwa vinavyoruka vinaniangusha kila nikikaribia juu), kuna bwawa kubwa chini ya ardhi. Kila sehemu na muziki wake. Vaa hedifoni tafadhali, usiache sauti ya kile kispika.

---

Njoro254 ameandika:

Sasa wasee wa TZ mmeanza vizuri lakini mnamwonyesha kijana nusu tu ya story. Castlevania ni poa, sikatai, lakini kama ni hii style kwa handheld basi mfalme ni Metroid Fusion, 2002, hiyo hiyo GBA. Na Metroid ndio ilianza hizi mambo za kurudi nyuma na kufungua njia na silaha mpya, 1986 huko kwa Famicom, mashine ya Nintendo ya kuchomeka kwa TV, halafu 1991 ikaja ya pili kwa Game Boy ile ya skrini ya kijani. Yaani kwa mkononi Metroid alishakuwa hapo kitambo.

Fusion inakupea uoga. Uko kwa kituo cha utafiti huko angani, peke yako, na kuna kiumbe kimechukua umbo lako na silaha zako zote za zamani, kinaitwa SA-X. Wewe mwenyewe umebaki dhaifu. Mara unasikia hatua, muziki unakatika, hizo hatua zinakuja pole pole, na huwezi kupigana nayo ukashinda, unajificha kwa kona unangoja ipite. Kwa skrini ndogo hivyo, na mikono inatoka jasho. Hiyo Castlevania yenu unapika levo mpaka unakuwa na nguvu kuliko kila mtu, woga iko wapi hapo?

---

MzeeWaKatriji ameandika:

Njoro ndugu yangu heshima yako, Fusion naiheshimu sana na ile SA-X hata mi imeshanikimbiza. Lakini tuseme ukweli, Fusion inakushika mkono. Kuna ile kompyuta inakuambia nenda sekta fulani, ukifika milango mingine inafungwa mpaka umalize. Ni safari nzuri ila umepangiwa. Aria inakuachia funguo ukajitafutie. Ni kama mgeni wa Mji Mkongwe kule Unguja, siku za mwanzo kila uchochoro unakurudisha ulipotoka, baada ya muda unapita kwenye kile kichochoro ambacho hata wenye baiskeli hawakijui na hujui ulijifunza lini. Hiyo hisia Fusion hainipi. Metroid Zero Mission ya 2004 ndo inanipa kidogo.

---

Njoro254 ameandika:

Zero Mission nakupea. Hapo tumeelewana.

---

KakaMpinzani ameandika:

Ngoja niwe mchawi wa huu uzi. Mi nimelimaliza Aria, na nasema limepambwa kuliko linavyostahili. Ni jepesi mno. Ukishapata upanga wa maana na ukapanda levo kidogo, mabosi wengi, wale maadui wakubwa, wanakufa kabla hujajua wanapigaje. Tena hizo roho mnazozisifia, nyingi hazina kazi, ukipata tatu nne nzuri ndo hizo hizo unatumia mpaka mwisho. Na kutafuta roho adimu ni kuingia na kutoka chumba kimoja mpaka kichefuchefu, hiyo mnaiita raha? Mi naita kibarua.

Ukitaka gemu la GBA lenye meno kacheze Castlevania nyingine, Circle of the Moon ya 2001. Hakuna duka, hakuna huruma, bosi anakupiga mpaka unaomba radhi.

---

Shosti_Tanga ameandika:

Sasa kaka si hapo hapo kwenye wepesi ndo penyewe 😂 Mimi saa tisa usiku sitaki bosi wa kuniliza. Anayetaka shida ipo, ukimaliza gemu inafunguka hali ngumu, na kuna njia ya kucheza na Julius, mhusika mwingine wa humo mwenye mjeledi, ambaye hapandi levo wala haokoti kitu, nenda na meno yako huko. Hapa tunamwongelea mtu anayeanza.

Ila kwenye roho adimu nakuunga mkono, kuna zingine ni mateso. Dogo usianze kukusanya zote, utalichukia. Chukua zinazokuja zenyewe.

---

fundi_pixeli ameandika:

Kaka Mpinzani, kuhusu Circle of the Moon sema yote basi. Wengi waliolinunua 2001 hawakuwa wanaliona 😅 GBA ya kwanza haikuwa na taa kwenye skrini, na lile gemu lina rangi za giza tupu, watu walikuwa wanakaa dirishani au chini ya balbu wanaipinda mashine huku na huku kutafuta mwanga. Halafu 2002 ikaja Castlevania nyingine, Harmony of Dissonance, watengenezaji wakajibu malalamiko kwa kupaka rangi za kuwaka kila mahali, hadi mhusika mwenyewe wakamzungushia mstari wa mwangaza mwilini asipotee. Ikaonekana vizuri, ila muziki ukalipa gharama, mtu anausikia anadhani katriji ya miaka ya themanini. Aria ikatoka Mei 2003, mwaka huo huo ndo GBA SP ile ya kukunja ikaingia sokoni ikiwa na taa na betri ya kuchaji, na humu ndo mizani ilikaa sawa, unaona vizuri na masikio yanafaidi, muziki wa Michiru Yamane na wenzake. Kwa hiyo mtu anapolia akiikumbuka Aria anakumbuka na hilo, mara ya kwanza kila kitu kimetulia kwenye skrini ya mkononi.

Na yote haya kwenye skrini ya nukta 240 kwa 160. Angalia koti la Soma akikimbia, lile pindo la nyuma linavyopepea halafu anaposimama linachelewa kidogo kutulia. Watu wamekaa wakachora hiyo kitu fremu kwa fremu, kwa mkono, kwenye kijamaa kisichozidi kidole gumba. Simu zetu zina skrini mara ngapi ya ile na bado kuna magemu mtu anatembea kama kabati.

Dogo, kidude chako kama ni hivi vya 640 kwa 480, ingia kwenye mipangilio ya skrini, zima ile ya kuvuta picha ijae. GBA ni ya pana zaidi, ukiilazimisha ijae wima Soma anarefuka kama mlingoti. Acha mistari myeusi juu na chini. Wanaochezea kwenye simu nao, vile vibonyezo vya kwenye kioo havifai kwa gemu hili, kidole hakijui kiko wapi, tafuteni hata padi ndogo ya bluetooth. Na asiyetaka mambo ya emuleta (programu za kuigiza mashine za zamani), tangu 2021 lipo kihalali ndani ya Castlevania Advance Collection kwenye Switch, PS4, Xbox One na Steam, pamoja na hayo mengine mawili ya GBA. Lina na kitufe cha kurudisha nyuma ukikosea, ingawa mi nadhani kinaua utamu.

---

Dogo_Mbagala ameandika:

Wakuu nimesoma zote, asanteni sana. Nimerudi tangu mliponipa darasa, sasa hivi nasoma maongezi yote. Yule jamaa wa jeshi anayeuza vitu, Hammer, namkubali sana, yuko kwenye ngome ya mashetani na bado anawaza biashara, huyo ni Mkariakoo kabisa.

Roho ya kwanza kunikamata ilikuwa ya yule wa kunifanya nishuke taratibu nikiruka. Nikakumbuka lile shimo. Nikarudi mbio kulitafuta, nikaruka nimeshikilia R, jamaa akaelea mpaka ng'ambo, nikapiga kelele mama akauliza timu gani imefunga.

Sasa nimekwama kwenye maji. Lile bwawa la chini ya ardhi. Chini naona kabisa kuna njia lakini Soma anaelea juu tu hazami, nimebonyeza kila kitu. Msiniambie yote, niambieni tu kama nikae hapo au niondoke.

---

Shosti_Tanga ameandika:

Hahaha mama kauliza timu gani 😂😂

Ondoka hapo. Kuna roho ya kukutembeza juu ya maji na kuna nyingine ya kukuzamisha, huna yoyote kwa sasa. Fungua ramani tafuta vile vyumba vilivyokatika.

---

MzeeWaKatriji ameandika:

Safi sana dogo, na sasa nikupe mambo mawili tu halafu naondoka.

La kwanza, ukipata roho ya jicho lile linaloruka, Peeping Eye, livae ukipita sehemu ulizokwisha zimaliza. Linaonyesha kuta zinazovunjika. Utashangaa koridoni kule mwanzo kabisa umepita mara ngapi pembeni ya chumba cha siri.

La pili na hili ni kubwa. Humo ndani kuna vitabu vitatu vya kale. Ukivikuta usivipite kama ulivyokuwa unapita maongezi, vifungue usome kila kimoja kinasema nini. Na ukifika juu kabisa ukakutana na yule bwana anayejiita mrithi, usiende kichwa kichwa. Roho ulizovaa wakati ule zina maana yake. Ukimpiga hivi hivi gemu litaisha, majina yatapita, utadhani umemaliza, na hutakuwa umemaliza.

---

KakaMpinzani ameandika:

Hapo kwenye vitabu nakubali, hata mi mpinzani pale nilikaa kimya. Magemu mengi mwisho wa pili unaupata kwa kuokota takataka mia, hili linataka uwe umeelewa Soma ni nani. Mengine yote niliyosema yabaki pale pale.

---

Dogo_Mbagala ameandika:

Mzee nimekuelewa, vitabu vitatu, nimeandika kwenye notsi za simu. Swali la mwisho, binamu kaniambia kuna mwendelezo wake na Soma huyo huyo. Nao uko hivi hivi au niishie hapa?

---

fundi_pixeli ameandika:

Upo, Dawn of Sorrow wa 2005, huo ni wa Nintendo DS ile ya skrini mbili. Ramani inakaa skrini ya juu muda wote, hicho kitu peke yake ni raha, hufungui fungui. Kero yake ni kwamba ukimaliza bosi lazima uchore alama kwenye skrini ya chini kwa kalamu, ukikosea bosi anarudishiwa damu kidogo mnaendelea. Kwenye kidude chako kisicho na skrini ya kugusa hapo utakwama. Ukipata mtu mwenye Switch au kompyuta, upo ndani ya Dominus Collection ya 2024 na humo waliruhusu kufanya zile alama kwa vitufe vya kawaida. Ila maliza huu kwanza, ule mwingine unaanza kwa kukuambia wazi kile ambacho Mzee hapo juu amekificha.

---

Njoro254 ameandika:

Na katikati ya hizo mbili uweke Fusion buda. Zima taa ya room.